Aliyenyimwa Hifadhi Asinyimwe Hakimu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Hakimu wa mahakimu, ambaye hamdhulumu mja wake hata kwa kitu kidogo kabisa. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ambaye yeye mwenyewe alitolewa katika mji wake akawa mhajiri. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, liko neno moja ambalo limekuwa jepesi mno katika ndimi zetu. Twalisikia barazani baada ya sala ya alasiri, twalisikia arusini, twalisikia majumbani. Akitajwa mtu fulani aliyekwenda Ulaya akaomba hifadhi ya kisiasa, kisha ombi lake likakataliwa, mara husemwa: "Ameshindwa. Na arudi kwao." Na asemaye hayo hujiona amesema neno la sheria, kama kwamba kadhi amekwisha kata shauri na hapana tena la kuongeza.

Neno hili lina makosa, na makosa yake si madogo, kwani ndani yake mna roho ya mtu. Makusudio ya makala hii ni kukuonyesha kwamba kumkatalia mtu hifadhi ni jambo moja, na kumkatalia hakimu ni jambo jingine. La kwanza huenda likawa haki. La pili ni dhulma, na Muislamu haimpasi kuiridhia, awe anayefanyiwa ni Muislamu mwenziwe au asiyekuwa Muislamu.

NANI ALIYEMKATALIA?

Mkataba wa mataifa juu ya wakimbizi ulipitishwa Geneva tarehe 28 Julai 1951, ukapanuliwa kwa itifaki ya mwaka 1967. Wasema kwamba mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa khofu yenye msingi, akichelea kuteswa kwa mojawapo ya sababu tano: asili yake, dini yake, utaifa wake, kundi la watu alilomo, au rai yake ya kisiasa. Na kifungu chake cha 33 chakataza kumrudisha mtu wa namna hiyo mahali ambapo uhai wake au uhuru wake utakuwa khatarini.

Itazame hiyo sababu ya tano. Rai haina alama mwilini. Rangi ya mtu yaonekana, na dini yake yajulikana kwa ibada zake, lakini rai imo kifuani. Na mtu anayeandamwa kwa rai yake aghlabu hana hati ya kuonyesha, kwani askari wa siri hawatoi risiti kwa wale wanaowapiga. Nabii Musa (a.s.) alipotoka Misri, kama tunavyosoma katika Surat al-Qasas, alikuwa na hati gani mkononi? Alijiwa na mtu mbio kutoka pembe ya mbali ya mji, akaonywa kwamba wakubwa wanashauriana kumwua, akatoka na khofu yake. Alipofika Madyan alimsimulia yule mzee kisa chake chote, na mzee akamsikiliza mpaka mwisho, ndipo akamtuliza moyo kwamba ameokoka na watu madhalimu. Hakumtaka barua yenye muhuri wa Firauni.

Leo anayesikiliza si mzee wa Madyan. Ni afisa wa wizara ya mambo ya ndani. Anaye mkalimani ambaye huenda akafahamu na huenda asifahamu. Ana majalada mengi mezani. Na wizara inayomlipa mshahara ndiyo hiyo hiyo ambayo wakubwa wake wamewaahidi wapiga kura kwamba watapunguza wageni. Wazee wetu walisema kesi ya nyani asipelekewe ngedere. Hatusemi kwamba maafisa wote ni waovu. Wamo waadilifu, na Mwenyezi Mungu atawalipa. Twasema kwamba binadamu hukosea, na kosa la mtu mmoja lisipopata wa pili wa kulitazama, hukaa pale pale likaitwa hukumu.

Basi, ndugu msomaji, ukisikia kwamba fulani "ameshindwa", uliza kwanza: ameshindwa mbele ya nani? Mara nyingi utakuta kwamba hajamwona hakimu. Amekataliwa na ofisi.

KAZI YA JAJI

Katika nchi nyingi mwenye kukataliwa hupewa rufani mbele ya baraza maalumu. Na juu ya hapo, au pale ambapo rufani haipo, yuko jaji wa mahakama kuu mwenye uwezo wa kuupitia uamuzi wa serikali. Hayo ndiyo yanayoitwa mapitio ya mahakama, na watu wengi hawayajui yalivyo.

Jaji huyu hatoi hifadhi. Hamwambii waziri, "Mpe fulani makazi." Huuitisha uamuzi mbele yake akauuliza maswali ambayo majaji wa Uingereza waliyapanga waziwazi mwaka 1984. Jee, waziri alifuata sheria? Jee, njia aliyoipita ilikuwa ya haki, mtu akasikilizwa na kuelezwa yaliyosemwa dhidi yake? Jee, uamuzi huu ni wa kuingia akilini, au ni wa mtu aliyeyapa mgongo yaliyokuwa mbele ya macho yake? Jawabu ya swali mojawapo ikiwa mbaya, uamuzi hubatilishwa na jalada hurudi kwa waziri aamue upya. Na waziri aweza kukataa mara ya pili, maadamu safari hii amekataa kwa haki.

Hayo tu. Mlango huu si mpana. Ni tundu la kupitisha pumzi. Basi yule anayelalamika kwamba mahakama "zinawapa wageni nchi" ama hajui anachokisema, ama anajua na anakusudia kupoteza watu.

Tena jambo hili kwetu si geni hata tuambiwe kuwa ni mambo ya Wazungu. Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.), katika waraka wake mashuhuri kwa Abu Musa al-Ash'ari, alimfundisha kwamba hukumu aliyoitoa jana isimzuie kuirudia haki leo ikiwa imembainikia, kwani haki ni ya tangu na tangu, na kuirejea ni bora kuliko kuendelea katika batili. Na dola za Kiislamu zilikuwa na mahakama ya madhalim, ambayo kazi yake ilikuwa kusikiliza malalamiko ya raia juu ya maliwali, watoza kodi na wakubwa wengineo. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, ameieleza kwa urefu katika kitabu chake cha hukumu za utawala. Wazee wetu walijua kwamba mwenye mamlaka ndiye anayehitaji zaidi kutazamwa, kwa kuwa mnyonge akikosea humdhuru mtu mmoja, na mwenye mamlaka akikosea hudhuru umma.

BARAZA LA NAJASHI

Huenda msomaji akasema: hayo ni ya raia, na mkimbizi si raia. Jawabu yetu tutaitafuta Uhabeshi.

Kiasi cha mwaka 615 kundi la Waislamu wa mwanzo lilivuka bahari kukimbia mateso ya Makureshi. Makureshi wakawafuatia kwa wajumbe wawili, Amr bin al-As na Abdallah bin Abi Rabia, pamoja na zawadi za ngozi nzuri. Wajumbe hawakwenda kwa mfalme kwanza. Walizunguka kwa makamanda wake, mmoja mmoja, wakimpa kila mmoja zawadi yake na kumwomba amshauri mfalme awatoe watu wale bila ya kusema nao. Na hoja yao ilikuwa hii: hawa ni vijana wapumbavu walioacha mila ya watu wao, na watu wao ndio wawajuao zaidi.

Tafadhali irudie hoja hiyo, ndugu msomaji. Haijafa. Ndiyo inayosemwa hata leo: serikali yao imetuhakikishia kwamba hawana khofu, na serikali yao ndiyo iwajuayo.

Makamanda wakaunga mkono. Najashi akakasirika akakataa. Akaapa kwamba hatawatoa watu waliochagua ujirani wake kabla ya kuwaita na kuwauliza. Wakaitwa, na Jaafar bin Abi Talib (r.a.) akasimama akasema yaliyowapata. Kesho yake Amr akarudi na shitaka jipya, kwamba watu hawa wasema neno kubwa juu ya Isa mwana wa Maryam. Najashi hakusema, "Nimekwisha amua." Aliwaita mara ya pili, akawasikiliza mara ya pili. Kisha akazirudisha zawadi za Makureshi.

Sisi sote tulio Waislamu leo tuna deni kwa baraza lile. Lau Najashi angewategemea wasaidizi wake, wale wahajiri wangerudishwa Makka kwa minyororo. Jee, umma ambao ulipona kwa sababu mfalme asiyekuwa katika dini yao alikataa kuhukumu kabla ya kusikiliza, utapata wapi ulimi wa kusema, "Kisikilizwe nini tena? Na arudi kwao"?

MGANDA NA MZAIRE

Sasa tukuletee mambo mawili ya zama zetu, na yote mawili yanawagusa majirani zetu.

La kwanza ni la Mganda mmoja aliyefika Uingereza mwaka 1983 akitokea Kenya. Aliomba hifadhi. Waziri wa Mambo ya Ndani akakataa, akaamua arudishwe Kenya, kwa hoja kwamba Kenya ni nchi ya amani na yeye hakuteswa huko. Mtu yule akasema: khofu yangu ni kwamba Kenya itanikabidhi Uganda. Na palikuwa na ushahidi kwamba Kenya ilikuwa imewahi kuwarudisha wakimbizi wa Kiganda. Waziri hakuutia maanani.

Shauri lilifika kwa majaji wa Baraza la Malodi, ambalo siku hizo ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho ya Uingereza. Februari 1987 waliubatilisha uamuzi wa waziri. Lord Bridge alieleza kwamba haki ya kuishi ndiyo ya msingi kuliko zote, na kwa hivyo uamuzi unaoweza kuhatarisha uhai wa mtu wataka uchunguzwe kwa hadhari kubwa kabisa. Na uzingatie hili: siku hiyo hiyo, katika hukumu hiyo hiyo, majaji hao walizitupa rufani za watu wengine watatu. Hawakuwa wakigawa sadaka. Walikuwa wakipima, huyu akaonekana ana haki na wale wakaonekana hawana. Lau mlango wa jaji ungekuwa umefungwa, Mganda yule angekwenda pamoja na wale watatu, na hapana ambaye angejua tafauti.

La pili ni la mwalimu mmoja wa Zaire, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na ambaye katika majalada ya mahakama ametajwa kwa herufi moja tu, M. Alifika Uingereza Septemba 1990, akaomba hifadhi, akakataliwa. Tarehe 1 Mei 1991, muda mfupi kabla ya ndege yake, wakili mpya alikwenda mbele ya jaji na hoja mpya. Jaji akafahamu kwamba wakili wa serikali amempa ahadi kuwa mtu huyo hatasafirishwa mpaka shauri lisikilizwe. Ndege ikaruka naye. Ilipofika Paris palikuwa na nafasi ya kumzuia asiendelee. Hakuzuiwa, akapandishwa ndege ya Kinshasa. Usiku ule ule jaji akaamuru arejeshwe Uingereza. Mipango ya kumrejesha ikafanywa, kisha waziri, Kenneth Baker, akaifuta baada ya kushauriwa na wanasheria wake kwamba jaji hana uwezo wa kumwamuru waziri wa Taji.

Novemba 1991 Mahakama ya Rufani ikasema kwamba waziri ameidharau mahakama. Julai 1993 majaji wa Baraza la Malodi wakathibitisha kwamba waziri, kwa cheo chake, yu chini ya amri ya mahakama kama mtu mwingine yeyote. Ni hukumu kubwa, na wanasheria wanaisoma mpaka leo. Lakini ilikuja baada ya miaka miwili, na ndege huchukua dakika chache kuruka. Mtu akikosewa katika shauri la shamba, shamba hurudishwa. Katika shauri la mkimbizi, uamuzi ukishatekelezwa hapana aliye na uwezo wa kuurudisha nyuma. Ndiyo maana jaji lazima awe kabla ya ndege.

"SI ANGENYAMAZA?"

Najua yatakayosemwa, na nitayajibu moja moja.

La kwanza husema: siasa zimemponza; si angenyamaza, akale na wanawe? Hoja hii imewahi kusemwa hata mahakamani. Watu wa Zimbabwe walikataliwa hifadhi Uingereza kwa kuwa hawakuwa na chama chochote. Hali nchini mwao ilikuwa kwamba wanamgambo wa chama tawala walimsimamisha mtu njiani wakamtaka athibitishe mapenzi yake kwa chama, na asiyeweza alipata mateso. Wizara ikajibu kwamba mtu wa namna hiyo aweza kujifanya mpenzi wa chama, akapona. Tarehe 25 Julai 2012 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliikataa hoja hiyo. Ilisema kwamba kutokuwa na rai nako kunalindwa, na mtu hawezi kunyimwa hifadhi kwa sababu eti angeweza kuokoka kwa kusema uwongo.

Sisi jambo hili twalijua tangu Makka. Ammar bin Yasir (r.a.) aliteswa mpaka akayatamka waliyoyataka washirikina, na moyo wake umetulia katika imani. Mwenyezi Mungu akamwondolea lawama, kama ilivyo katika Surat an-Nahl, aya ya 106. Lakini mama yake, Sumayya (r.a.), alikataa kutamka akauawa, na hapana Muislamu asemaye kwamba alijitakia. Ile ni rukhsa aliyopewa mwenye kushurutishwa ili apone. Haikuwa fimbo ya kumpa mtesaji, wala si hoja ya kumpa afisa amwambie mtu, "Rudi, ukasema uwongo kila siku ya maisha yako, utasalimika." Adhabu ya kaburi aijua maiti. Wewe uliyekaa barazani hukuulizwa swali lile njiani usiku.

"WANASEMA UWONGO"

La pili husema: wengi wao ni waongo, wanatafuta kazi. Twakubali kwamba waongo wamo. Wapo hata miongoni mwa vijana wetu wa mwambao waliobuni visa na kujibandika asili isiyokuwa yao. Na hilo ni dhambi. Ushahidi wa uwongo umehesabiwa katika madhambi makubwa. Tena madhara yake hayaishi kwa aliyeutoa, kwani kila kisa cha kubuni humfanya afisa amtilie shaka yule wa kweli anayemfuata. Mzazi anayemfundisha mwanawe kisa cha uwongo amchukue kuwa ni mtu anayemwibia yatima asiyemjua.

Lakini jee, dawa ya uwongo ni kuacha kupima? Sokoni mkiwa na mizani mbovu, mtazitupa mizani zote? Surat al-Hujurat imetufundisha kwamba habari ikiletwa na mtu asiyeaminika tuichunguze, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Haikutuambia tuitupe bila ya kuitazama. Kuwapo kwa waongo ndiyo sababu ya kumtaka hakimu, maana ndiye mwenye kazi ya kuwapambanua.

"SALAMA KWA AMRI YA BUNGE"

La tatu ndilo linalosemwa na serikali: mahakama zinachelewesha, zinagharimu, zinaingilia kazi yetu. Na serikali zinaposema hivyo hazikomei katika maneno. Mwaka 2003 serikali ya Uingereza ilileta bungeni kifungu cha kuzizuia mahakama zisiyapitie kabisa maamuzi ya baraza la rufani za wakimbizi. Majaji na mawakili wakapiga kelele mpaka kikaondolewa. Mwaka 2022 sheria nyingine ikaibana njia ya kwenda Mahakama Kuu kwa wale walionyimwa ruhusa ya kukata rufani.

Mwaka huo huo wa 2022 serikali hiyo ilifunga makubaliano na Rwanda, kwamba baadhi ya waombao hifadhi Uingereza wapelekwe Rwanda, na maombi yao yaamuliwe huko. Tarehe 15 Novemba 2023 majaji watano wa Mahakama ya Juu, kwa kauli moja, wakasema mpango huo hauruhusiwi kisheria, kwani iko khatari ya kweli kwamba watu watarudishwa kutoka Rwanda hadi kule walikokimbia. Katika yaliyowekwa mbele yao na Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa ni kwamba maombi ya watu wa Afghanistan, Syria na Yemen huko Rwanda yalikuwa yakikataliwa yote.

Serikali ikafanya nini? Ilitunga sheria, ikapita Aprili 2024, yenye kusema kwamba Rwanda ni nchi salama na kwamba majaji lazima waihesabu kuwa ni salama. Fikiri, ndugu msomaji. Ni kama kumwamuru tabibu aandike kwamba mgonjwa hana homa, kisha kumkataza asimguse paji la uso. Serikali mpya iliyoingia Julai 2024 iliuacha mpango ule, na hapana hata mmoja aliyekuwa amepelekwa kwa nguvu. Lakini njia imekwisha onyeshwa, na wako wengi duniani wanaoitamani. Usalama wa mtu hauletwi kwa kura za bunge. Ama yu salama ama hayuko, na atakayejua ni yule atakayetazama.

MAJI YAKO KARIBU

Usidhani kwamba haya ni ya London tu. Januari 2001, baada ya maandamano ya kupinga matokeo ya uchaguzi wa Zanzibar kuvunjwa kwa risasi, zaidi ya watu 2,000, wengi wao wa Pemba, walivuka bahari wakafika Shimoni, pwani ya Kenya. Walikuwa wakikimbia kwa ajili ya rai ya kisiasa. Walikuwa ndugu zetu, wenye lugha yetu na dini yetu, na waliopokewa walipokewa. Nani siku ile aliyewauliza kwa nini hawakunyamaza?

Na ile khofu ya Mganda wa mwaka 1983, kwamba Kenya itamkabidhi mtu kwa wanaomwandama, haikuzikwa pamoja na hukumu yake. Novemba 2016 msemaji wa upinzani wa Sudan Kusini, aliyekuwa na hadhi ya mkimbizi, alichukuliwa Nairobi akapelekwa Juba. Mwaka 2018 akahukumiwa kunyongwa, na kabla ya mwaka kwisha akasamehewa. Oktoba 2024 serikali ya Kenya ikakiri kwamba imewakabidhi Uturuki watu wanne waliokuwa wakimbizi Nairobi. Mtu akichukuliwa namna hiyo, jaji hupata khabari pamoja na wasomaji wa magazeti.

Ukiona cha mwenzio chanyolewa, chako tia maji. Hapana nyumba katika mwambao huu, kutoka Lamu mpaka Mikindani, iliyoandikiwa kwamba wana wake hawatakimbia kamwe. Waliokuwa na vyeo jana wameonekana leo katika foleni za wakimbizi. Siku hiyo ikija, Mungu atuepushe nayo, hutatamani afisa mwenye huruma, kwani huruma hubadilika kwa hali ya siku. Utatamani hakimu.

YATUPASA NINI?

Kwanza, tuliache neno lile. Anayesema "ameshindwa, na arudi" bila ya kujua kama mtu amesikilizwa ametoa hukumu ya kumpeleka mtu asikokujua, na ataulizwa juu yake.

Pili, mwenye jamaa aliye ugenini katika shida hii amwusie ukweli tangu siku ya mwanzo, kwani maneno ya siku ya mwanzo ndiyo atakayopimwa kwayo mpaka mwisho. Akitakiwa barua ya ushahidi kutoka nyumbani, na iandikwe na anayejua, kwa anayoyajua, bila ya kutia chumvi. Barua moja yenye uwongo huziua barua kumi za kweli.

Tatu, asikawie kutafuta wakili. Muda ni mfupi. Uingereza rufani ya kawaida ni siku 14 tangu uamuzi upelekwe, na ombi la mapitio ya mahakama hutakiwa upesi, lisipite miezi mitatu. Kanada, mwenye kukataliwa ana siku 15 za kuomba ruhusa ya kufika mbele ya jaji. Wengi walio na haki wamepotea kwa kusubiri tu.

Nne, na hili ni la sisi tulio nyumbani: tuzitake serikali zetu yale yale tunayowatakia wana wetu ugenini. Muombezi wa haki London asiwe mpiga makofi wa dhulma Nairobi, Dar es Salaam au Zanzibar. Katika Surat at-Tawba, aya ya sita, imeamrishwa kwamba hata mshirikina akiomba himaya apewe, asikilizishwe maneno ya Mwenyezi Mungu, kisha afikishwe mahali pake pa amani. Haikusemwa afikishwe kwa adui zake. Ikiwa hiyo ndiyo haki ya mshirikina aliyetujia katika zama za vita, itakuwaje haki ya mtu aliyekimbia kwa sababu alisema neno la kweli mbele ya mtawala?

Huenda akasikilizwa, kisha akakataliwa, na kukataliwa huko kukawa ni kwa haki. Hilo tutalikubali, kwani hukumu ina pande mbili. Tusilolikubali ni mtu kupandishwa ndege na haki yake haijatazamwa na jicho la pili.

Ewe Mola wetu, wape amani wenye khofu, waongoze wenye kuhukumu, na usitufanye sisi kuwa waungaji mkono wa madhalimu kwa mikono yetu wala kwa ndimi zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.